Masolo ya kambi: nani analipa kicheko?



Mutu wa Kolwezi akikutana na mwenzake wa Kolwezi, iwe Lubumbashi, iwe Kitwe, iwe Bruxelles, dakika kumi haziishi, masolo ya utoto yameanza. "Unakumbuka ile siku mutumbula alitufukuza ku Musonoi?" Kisha ni kicheko mpaka machozi. Sisi ni watu wa muji mudogo wa kusini ya inchi, muji uliozaliwa 1937 juu ya shaba, na inaonekana shaba na masolo ndivyo vitu viwili tulivyotoa kwa wingi. Shaba ilikwenda na treni. Masolo yalibaki.

Nimeyasikiliza miaka mingi: kwenye harusi, kwenye matanga, hapa kwenye ukurasa wetu. Mengi ni mazuri kabisa. Lakini nimechoka kupiga makofi tu. Kama sisi ni watu waliosoma, basi tuyasome masolo yetu vile tulivyofundishwa kusoma kitabu: hili ni zuri juu ya nini, lile limepungukiwa wapi. Nitaanza na langu mwenyewe, juu si vizuri kuanza kwa kupika mutoto wa jirani.

Solo langu ni la goli ya bukari. Wengi wenu munalijua. Siku ya posho, 1991 ao 1992, mama alinituma na kaka yangu kuchukua unga. Tukabeba gunia. Njiani tukakuta mupira. Upande mumoja goli ilikuwa mawe mawili. Upande wa pili ilikuwa jiwe moja tu, wakakosa la pili. Wakasema: leteni ile gunia. Tukaiweka chini, tukaingia kucheza. Mvua ikaanguka. Hatukuacha, juu walikuwa wametupita goli moja. Tulipokumbuka unga, gunia lilikuwa limekaa chini sawa mutu mwenye usingizi. Mama alifungua, akatazama ndani, akasema: "Kumbe munayua kupika bukari mu gunia!" Juma lile lote tulikula goli.

Watu wanacheka kila mara. Nimelisimulia labda mara hamsini, na kila mara nilimaliza na maneno yale yale munayomaliza nayo ninyi pia: "Zamani ilikuwa muzuri. Kampuni ilikuwa baba, ilikuwa mama."

Hapo ndipo pa kukosoa kwanza. Yale maneno si sehemu ya solo. Ni blanketi tunayoifunika nayo. Unga ulikuwa wa mwezi muzima. Kama juma moja tulikula goli, majuma matatu yaliyobaki tulikula nini? Mimi mwenye solo sikujiuliza kwa miaka ishirini. Ni mama aliyenisikia nikisimulia kwenye harusi ya mudogo wangu, akanivuta koti: "We, unarukaka mwisho." Na mwisho ni huu: usiku ule alipita mulango kwa mulango na bakuli ndani ya kitenge, watu wasione, akaomba unga kwa wamama watano. Wa tano akamujibu: "Na ile ya goli iliisha? Sitakupa mpaka nionje yako." Basi wanawake wawili wakasimama gizani na bakuli moja, wakacheka mpaka mbwa wakaanza kubweka.

Angalieni sasa. Solo halikuharibika kwa kuongezewa deni. Kicheko kimekuwa kikubwa zaidi, na tumemujua aliyekilipa. Hicho ndicho kipimo changu, sina kingine: katika solo la kuchekesha, nani analipa, na je, musimulizi anamuonyesha ao anamuficha?

Tukipima hivyo, ile "kampuni ilikuwa baba" inapata shida. Sisemi ni uongo. Masomo, lopitali, unga, nyumba: vyote vilikuwepo, na mwenye kuvikosa leo ana haki ya kuvikumbuka. Lakini miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ukaanguka. Kufika 1994 hata tani 50,000 hazikupatikana. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaanza kutolewa, na wakaambiwa wanaondoka kwa kupenda kwao. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Université de Lubumbashi, kitabu chake cha 2001 alikiita Bana Shaba abandonnés par leur père. Ni kusema: Bana Shaba walioachwa na baba yao. Kichwa tu kinatosha. Baba wa namna hiyo, ukitaka kumusifu kwenye solo, sema pia ni saa ngapi alitoka nyumbani. Tena kambi ilikuwa na mwisho wake, na ng'ambo kulikuwa site, na kule kulikuwa watoto waliotuangalia tukipita na magunia. Katika masolo yetu wale watoto wanakuja tu kama wezi wa maembe.

Mutu atasema: "We, unataka kutuharibia kicheko. Kuchekesha ni kuchekesha." Basi tumuulize mukubwa wa kazi hiyo. Waliokua na radio ya Lubumbashi wanamujua Mufwankolo. Yeye na kundi lake walichekesha Katanga yote kwa Kiswahili chetu, kile ambacho mwalimu alikuwa anatukataza: nyumba na deni zake, ndoa na ugomvi wake, mukubwa na mudogo wake. Mwaka 1986 walifanya muchezo na Johannes Fabian, mutafiti aliyekuwa amekaa sana kwetu, juu ya musemo kwamba utawala unaliwa muzima. Waliucheza katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi, na Fabian akatoa kitabu juu yake 1990, Power and Performance. Kinachonishangaza ni namna walivyofanya kazi. Hawakushika karatasi ya maneno. Walipatana juu ya sehemu za muchezo, kisha kila mutu akatafuta maneno yake mwenyewe mbele ya watu. Na fikirini mwaka: 1986, Mobutu yuko kwenye kiti, na hawa wanachekesha kijiji kizima juu ya chifu na utawala wake.

Wana upungufu wao pia. Michezo ya kundi lile mara nyingi ilikuja na fundisho, na kuna mahali fundisho lilikuwa zito kuliko kicheko, sawa padri anayeingia kwenye baa. Lakini anayelipa hakufichwa. Hilo ndilo tulilopoteza. Sisi tulichukua kicheko, tukaacha muchezo.

Tukaacha pia luga. Diplome zetu zilitufundisha kuandika kwa Kifaransa, na wenzetu wengi wakitaka kuweka solo la kambi kwenye kitabu wanalihamisha. Kuna masolo yasiyohama. Binamu yetu alikuja kutoka Uvira, mutoto wa miaka sita, wakati ule Kolwezi yote ilikuwa inaogopa mutumbula, yule anayekamata watu usiku, anawanenepesha ili wazungu wawale. Siku ya pili binamu akamwaga maji ya kunywa. Mama akapaza sauti: "Nitakupika!" Kwao Uvira wanasema kupiga, kupika ni kwa nyama na mboga. Mutoto alikimbia mpaka kwenye reli, na jioni alipopatikana alikataa chakula siku mbili, juu alikuwa anajua kwa nini wanataka anenepe. Liandike hilo kwa Kifaransa. Utaandika mustari mumoja wa solo na mistari kumi ya maelezo, na mwenye kusoma atasema: "Ah, ndiyo." Hatacheka.

Ndiyo maana ninawasoma waandishi wetu kwa heshima na wivu pamoja. Fiston Mwanza Mujila, mutoto wa Lubumbashi, alitoa Tram 83 mwaka 2014: muji wa migodi, baa yenye kelele, kituo cha treni kisichomalizika kujengwa. Kicheko chake ni kikali, hakikupi nafasi ya kuketi na kusifu zamani. Sinzo Aanza alitoa Généalogie d'une banalité mwaka 2015: watu wa mutaa mumoja wa Lubumbashi wanachimba shaba chini ya nyumba zao wenyewe. Sisi wa Kolwezi tukisoma hicho tunatazamana. Kasulo, tangu 2014, watu walichimba kobalti kwenye viwanja vyao, wengine wakatoboa sakafu ya chumba. Aanza anachekesha, na wakati unacheka, unaona nyumba inakaa juu ya tundu. Kwa kipimo changu, huyo amefaulu. Ninalokosa kwao wote wawili ni sauti ya mama kwenye mulango. Iko, lakini inasikika kwa mbali, kama radio ya jirani.

Na tusiseme Kiswahili chetu hakiandikiki. Mwaka 1965 André Yav aliandika Vocabulaire de ville de Elisabethville kwa ajili ya shirika la watumishi wa nyumbani, maboi, akasimulia historia ya muji kwa Kiswahili cha muji, herufi zikiingia vile zinavyosikika. Hakungoja ruhusa ya mutu wa sarufi. Kama boi aliweza, sisi wenye diplome tunaogopa nini?

Sasa nirudi kwenye goli, juu sikuwaambia yote.

Siku ile ya gunia, aliyesimama golini alikuwa rafiki yangu, tulikaa naye kwenye banki moja kalasini. Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai. Yeye alizaliwa Kolwezi, na Kasai hakuijua hata kwa picha. Katika solo langu yeye yuko kila mara. Ninaiga namna alivyopaza sauti kwa Kiluba, na watu wanaanguka. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa ninaiga vile mbele ya vijana, na binti mumoja, mwanafunzi, akauliza: "Na ule gadie, iko wapi leo?"

Nikajibu: "Walihama."

Neno moja. Nalisema haraka, nikaendelea na mvua. Usiku sikulala vizuri. Hawakuhama. Mwaka 1992 ilianza Likasi, mwaka 1993 ikafika Kolwezi: watu wa Kasai walifukuzwa kwenye nyumba na kazi, wakarundikana kwenye kituo cha treni na magodoro na masufuria, majuma na majuma, wakingojea treni ya kuwapeleka kwa mababu wasiowajua. Wengi walikufa pale na njiani, na watoto wengi kati yao. Tuliokuwa tunacheza nao mupira tuliona. Tulikuwa watoto, lakini tuliona.

Na sasa nitazame kipimo changu mwenyewe. Mama alilipa kwa bakuli, nikamuficha miaka ishirini. Huyu alilipa kwa kila kitu, na mimi nilibaki na sauti yake ili watu wacheke.

Kwa hiyo solo hili sitalitupa. Nitalisimulia na kipande nilichokiacha. Nilikwenda kwenye kituo kumuona, nikijificha kwa baba. Alikuwa amekaa juu ya sufuria iliyofunikwa. Sikujua la kusema. Yeye alijua. Aliniambia: "Ile goli ya mwisho haikukuwa goli." Nikauliza namna gani. Akasema gunia lilikuwa limeisha kulala. Mupira ulipita juu ya mahali gunia lilikuwa zamani, na mahali si goli. Tulibishana nusu saa, mpaka dada yake akatufukuza kwa kucheka. Hatukumaliza ubishi. Sikumuona tena.

Hilo pia linachekesha. Nimelisimulia mara mbili sasa, na watu walicheka mara zote mbili, kisha mara zote mbili mutu mumoja akaanza kutaja majina ya watoto wa kalasi yake. Kwenye "zamani ilikuwa muzuri" sijawahi kuona hivyo.

Wakubwa wangu, wadogo zangu, endeleeni kuleta masolo. Mimi ni wa kwanza kuyasoma. Watoto wa Kasulo nao wanasikiliza namna tunavyosimulia, na kesho watakuwa na yao, ya vyumba vyenye matundu. Ninaomba kitu kimoja tu: kabla ya kuandika "alihama," ao "tuliishi vizuri," ao "mama alikasirika kidogo," simama. Muulize mama, kama bado yuko. Atakuambia unaruka mwisho.

Na kama yule gadie, ao mutu anayemujua, anasoma hapa: nimefikiri sana. Ilikuwa goli. Njoo tubishane.