Kisanduku Kisichokubali Kubaki Kitupu

Kila anayejifunza kuandika programu za kompyuta ya mezani kwa Visual Basic au C# hukutana mapema na DateTimePicker. Mwalimu anakiburuta kidhibiti hicho kutoka kwenye kisanduku cha zana, anakiachia juu ya fomu, na fomu imeshapata tarehe bila msimbo hata mstari mmoja. Wanafunzi hukipenda, na wana haki. Kabla yake walikuwa wakihangaika na kisanduku cha maandishi ambamo mtumiaji aliweza kuandika "juzi", akaandika "32/13", au akapita bila kuandika kitu. Humu hawezi. Uhakiki huu unahusu hilo la mwisho: umbo lisiloruhusu kuachwa tupu, na maana ya umbo hilo programu inapofika Fizi, mashariki mwa Kongo, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, ambako tarehe nyingi zenye uzito hazikuwahi kuandikwa popote.

Kwa nje ni mstatili mfupi wenye vipande vitatu: siku, mwezi, mwaka. Ukibofya siku, siku peke yake inageuka buluu. Ukibonyeza mshale wa juu, inapanda moja. Kulia kuna aikoni, na ukiibofya inashuka kalenda: jina la mwezi juu, mishale miwili pembeni, safu saba, mistari sita, na chini kabisa tarehe ya leo. Saba mara sita ni vyumba 42, wala havipungui. Februari ya siku 28 hupewa 42 sawa na Machi ya siku 31, kwa kuwa upo mwezi wa siku 31 unaoanzia safu ya mwisho, na huo hauenei mistari mitano. Vyumba vinavyobaki hujazwa kwa rangi ya kijivu na siku za miezi jirani. Mtunzi wa tarbia anaijua hali hii: mizani ni kumi na sita, na maana ikiisha kabla ya mizani, vijazo huingia. Tofauti ni kwamba vijazo vya kalenda vinabofyeka. Muuguzi aliyekusudia tarehe 30 ya mwezi huu akigusa 30 ya kijivu juu kushoto, ameingia mwezi uliopita bila kuambiwa lolote.

Safu ya kwanza ni ya siku gani? Hapo kidhibiti hakina maoni. Huuliza mipangilio ya Windows. Windows ya Kifaransa huanza na Jumatatu, ya Kiingereza cha Marekani huanza na Jumapili. Katika zoni ya afya, yaani eneo la huduma za afya, jambo hili si pambo, maana ripoti za magonjwa ya mlipuko hukusanywa kwa wiki inayoanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Anayesoma mstari mmoja wa kalenda ya Kimarekani akidhani ni wiki nzima ya ripoti, Jumapili yake imeruka mstari. Mipangilio hiyohiyo ndiyo inayoamua kama 03/04 ni tarehe tatu Aprili au tarehe nne Machi. Dawa ipo na haina gharama: Format ikiwekwa Custom na CustomFormat ikiandikwa "dd MMMM yyyy", mwezi unatoka kwa jina lake na ubishi unakwisha.

Yote hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba fomu ikifunguka tu, kabla mtu hajagusa chochote, kidhibiti kimeshajibu. Kimejibu leo.

Kinajibu hivyo kwa sababu ya jinsi kilivyojengwa. Thamani yake ni ya aina ya DateTime, ambayo katika .NET haina hali ya utupu; lazima iwe tarehe fulani. Mwanafunzi mjanja hujaribu kukipa DateTime.MinValue, yaani 1 Januari ya mwaka wa 1, akitumaini hiyo itasimama badala ya "sijui". Programu inakataa kwa kosa la wakati wa kuendesha, maana sakafu ya DateTimePicker ni 1 Januari 1753. Mwaka huo una asili yake. Uingereza na makoloni yake walihamia kalenda ya Gregori mwaka 1752, na Septemba ya mwaka huo ilitoka tarehe 2 ikaruka hadi 14. Hifadhidata ya SQL Server ikaona heri kuanza mwaka uliofuata, kukwepa vurugu hiyo. Maktaba ya Qt, ya watu wengine kabisa, nayo huweka sakafu ya awali ya kidhibiti chake kwenye 14 Septemba 1752. Kwa hiyo uamuzi wa Bunge la London wa karne ya 18 umo ndani ya kila fomu ya usajili inayotengenezwa kwa kidhibiti hiki Baraka, mji ulio Fizi. Historia ya Baraka yenyewe haimo.

Hata hiyo leo si ya kuaminiwa. Inatoka kwenye saa ya kompyuta, na saa hiyo hutunzwa na betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi. Betri ikifa, mashine inayowashwa kwa umeme wa jua au jenereta, na isiyo na intaneti ya kuirekebisha, huamka katika tarehe ya zamani, na kidhibiti kitaitangaza hiyo kwa sauti ileile ya uhakika. Tena leo hiyo hubeba saa na dakika hata pale zisipoonekana. Mtu akitafuta dawa zilizopokelewa kuanzia tarehe 1 hadi 7, na vidhibiti vyote viwili vimebeba saa nne na robo asubuhi, basi zilizoingizwa alfajiri ya tarehe 1 na jioni ya tarehe 7 hazitatoka kwenye orodha. Kuandika Value.Date badala ya Value hutibu mwanzo. Mwisho unataka kuongezwa siku moja na kulinganishwa kwa alama ya "chini ya". 

Sasa tuweke fomu ya kipindupindu mbele yetu. Ugonjwa huo haujaondoka mwambao huu kwa miaka mingi, na daftari la wagonjwa lina maswali matatu ya tarehe: mgonjwa amefika lini, kuhara kulianza lini, amezaliwa lini. Anayejifunza huweka vidhibiti vitatu vinavyofanana, kimoja chini ya kingine, vimenyooka vizuri. Unyoofu huo ndio unaodanganya, kwa sababu maswali hayo matatu hayafanani hata kidogo.

La kwanza, leo ni jibu sahihi karibu kila mara. Hapo kidhibiti kinafanya kazi yake vyema.

La pili, jibu ni jana, juzi, au siku moja kabla ya juzi. Kalenda inafaa sana hapa, kwa kuwa mgonjwa hukumbuka kwa siku ya soko au ya ibada na muuguzi anaiona siku hiyo kwenye safu yake. Lakini msururu ukiwa mrefu na kidhibiti kikiwa kimeshajaa, mkono hupita. Programu haina namna ya kumtofautisha aliyeichagua leo na aliyeisahau. Tukio la ValueChanged halilii kwa asiyegusa, na kwenye hifadhidata wote wawili ni sawa. Ripoti itaonyesha kuwa watu wanafika kituoni siku ileile wanayougua. Msimamizi atafurahi, na kijiji kilicho saa nyingi kwa mguu hakitapewa sehemu ya kunywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari, maana kwa karatasi hakina shida ya umbali.

La tatu ndilo linalokivunja kidhibiti.

"Papa, ulizaliwa tarehe gani?"

"Mwanangu, mama aliniambia Wakuba walikuwa bado huko milimani."

Chukulia ndivyo mazungumzo yanavyokwenda. Mwanafunzi wa enformatiki atasema mzee hajui. Mimi nasema mzee amejibu vizuri kuliko fomu ilivyouliza. Che Guevara, kiongozi wa Wakuba hao, alivuka ziwa kutoka Kigoma akaingia Fizi Aprili 1965, akaondoka Novemba mwaka huohuo. Jibu la mzee ni kipindi cha miezi saba chenye mwanzo na mwisho unaojulikana. Akiongeza kwamba mvua zilikuwa zimeanza, tumebakiwa na miezi miwili mitatu tu, maana kiangazi cha huko ni Juni hadi Agosti. Wataalamu wa idadi ya watu na wapima lishe hufanya kazi hiyohiyo kwa kalenda ya matukio: maasi ya Mulele 1964, nchi kuitwa Zaire 1971, vita vya 1996. DateTimePicker haina pa kuweka kipindi. Inataka chumba kimoja kati ya 42, na kukifikia kwa mshale wa mwezi kutoka 2025 hadi 1965 ni mibofyo 720. Njia za mkato zipo: kuandika mwaka moja kwa moja kwenye kipande chake, au kubofya jina la mwezi juu ya kalenda ili itoke miaka. Aliyefundishwa kuburuta tu hazijui.

Basi huandikwa 1 Januari. Nenda kwa familia za Wabembe, wenyeji wa Fizi, zilizopitia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996, na baadaye wengine wakapelekwa Marekani: utakuta watu wengi waliosajiliwa kuwa wamezaliwa siku hiyo moja. Karani aliyewasajili hakuwa mvivu. Fomu ilidai siku, naye akaipa siku.

Vidhibiti vingine vimeandikwa kwa busara zaidi. DatePicker ya WPF huanza bila tarehe, na SelectedDate yake inakubali utupu. Ya JavaFX, iliyokuja na toleo la 8 mwaka 2014, nayo huanza tupu. QDateEdit ya Qt huanza na 1 Januari 2000, uongo ambao mwanzoni niliupendelea kwa kuwa unajitangaza. Ila kwa mtu wa miaka ishirini na kitu unafanana kabisa na ukweli, kama vile leo inavyofanana na ukweli katika wodi ya wazazi. OpenMRS, mfumo ulioanza mwaka 2004 na kutumika mapema Eldoret, Kenya, una sehemu ya pekee inayosema tarehe ya kuzaliwa imekadiriwa. Sehemu hiyo ya ndiyo au hapana ina thamani kuliko kalenda nzima yenye rangi.

Sitaki ionekane nakitupa kidhibiti. Kuna mahali umbo lake na swali vinaoana kabisa. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Kwenye fomu ya etat-sivil, ofisi ya kuandikisha vizazi, weka MaxDate kuwa leo na MinDate kuwa siku 90 nyuma. Tarehe zilizo nje ya muda huo hazichaguliki, na karani anajua kwamba kwa mtoto huyo njia ni ya mahakama. Hapo msimbo umesoma sheria, na kalenda inaitekeleza.

Kwa mzee wetu ninashauri visehemu vitatu: mwaka wa kuandika, mwezi wa kuchagua ukiwa na jibu la "haujulikani", na siku vivyo hivyo, kando yake kisanduku cha "kadirio" na nafasi ya kuandika tukio alilolitaja kwa maneno yake. Havipendezi kutazama. Msimbo wake ni mrefu, na mwanafunzi atalazimika kukagua mwenyewe kwamba Februari haina 30.

Na kwa tarehe ya kuanza kuugua, ambako DateTimePicker itaendelea kutumika, nawaomba walimu wa enformatiki siku ya somo hilo wafungue dirisha la sifa mbele ya darasa. ShowCheckBox, inayokipa kidhibiti kisanduku cha tiki ili kiweze kusema hakuna tarehe, huja ikiwa False. Checked huja ikiwa True. Na hata tiki ikiondolewa, Value huendelea kurudisha tarehe, kwa hiyo msimbo usome Checked kwanza. ShowCheckBox na Checked zigeuzwe kabla fomu haijafika kwa muuguzi.