Sauti na Sakafu Kwanza: Kuugeuza Ukumbi wa Madiwani kuwa Bunge la Kaunti

Machi 2013 Wakenya walipowachagua magavana na wawakilishi wadi kwa mara ya kwanza, mabaraza 175 ya miji, manispaa na wilaya yalifikia kikomo. Madiwani waliondoka, majengo yakabaki, na kaunti zikayarithi pamoja na madeni na magari mabovu. Meru na Embu hazikuwa tofauti. Tangu siku hiyo, kila bajeti ya bunge la kaunti ikisomwa, neno "ukarabati wa ukumbi" halikosi kusikika, na mara nyingi mjadala huishia kwenye bei ya viti.

Safu hii inauangalia ukarabati wenyewe: nini kifanyike kwanza, nini kifuate, na kwa nini. Hoja yangu ni kwamba ukarabati unaoanzia kwenye skrini na viti hugharimu mara mbili, kwa sababu mambo mawili yanayoamua kama ukumbi unafaa, yaani sauti na sakafu, hayarekebishiki kwa urahisi baada ya zulia kutandikwa.

Kazi imebadilika

Baraza la manispaa liliendeshwa kwa kumbukumbu fupi za mkutano, na maamuzi yake makubwa yalisubiri idhini ya Waziri wa Serikali za Mitaa. Bunge la kaunti hutunga sheria, hupitisha bajeti, huwapiga msasa mawaziri wa kaunti na laweza kumbandua gavana. Kifungu cha 196 cha Katiba kinaliagiza lifanye vikao vyake mbele ya umma, na wananchi na wanahabari hawafungiwi nje ila kwa sababu za kipekee. Kila neno linalosemwa ndani yake linapaswa kuingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za vikao.

Embu na Meru zinajua uzito wa kumbukumbu hizo kuliko kaunti nyingi. Martin Wambora wa Embu ndiye gavana wa kwanza nchini ambaye kubanduliwa kwake kuliidhinishwa na Seneti, Februari 2014, kabla ya kesi kumrejesha kazini. Bunge la Meru nalo lilipiga kura ya kumbandua Gavana Kawira Mwangaza mara tatu: Desemba 2022, Oktoba 2023 na Agosti 2024. Mara mbili za kwanza Seneti ilimnusuru, ya tatu ikamwondoa. Mambo yakifika huko, rekodi ya ukumbini hugeuka ushahidi. Neno lisilosikika kwenye kinasa sauti, au kura isiyojulikana ni ya nani, ni pengo ambalo wakili wa upande wa pili atalipanua.

Idadi ya viti haitulii

Kosa la kwanza la msanifu majengo ni kuuliza wawakilishi ni wangapi, kisha akafunga idadi hiyo ya viti kwa skrubu. Embu ina wadi 20 na Meru 45, lakini hiyo si idadi ya wajumbe. Kifungu cha 177 kinaongeza viti maalumu ili jinsia moja isizidi theluthi mbili, pamoja na viti vya makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu na vijana. Wanawake wakichaguliwa wachache kwenye wadi, viti vya uteuzi vinaongezeka. Wakichaguliwa wengi, vinapungua. Bunge la Meru lililochaguliwa 2022 lilikuwa na wajumbe 69, na lijalo huenda likawa na idadi nyingine.

Kwa hiyo nyaya za vipaza sauti na mtandao zipitishwe chini ya sakafu kwa gridi, zikiwa na visanduku vya kuunganishia kila baada ya hatua chache, ili meza iongezwe au iondolewe bila kupasua saruji. Kila safu pia iwe na nafasi zisizo na kiti cha kudumu, ambapo mwakilishi anayetumia kiti cha magurudumu atakaa pamoja na wenzake wa chama chake. Kumtengea kona yake peke yake karibu na mlango si suluhisho.

Sauti: hesabu ndogo, akiba kubwa

Kumbi nyingi za zamani zina kuta za plasta, sakafu ngumu na madirisha mapana ya kioo. Sauti ikigonga sehemu hizo hurudi, na neno la pili hulikuta la kwanza bado linaelea. Mkandarasi asiyejua hili huongeza spika zenye nguvu, na mwangwi nao huongezeka.

Mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard aliitatua shida hii mwishoni mwa karne ya 19, alipotakiwa kuponya ukumbi wa mihadhara usiosikika. Aligundua kwamba muda wa mwangwi, kwa sekunde, unapatikana kwa kuzidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha kugawanya kwa jumla ya uwezo wa kuta, dari, sakafu na watu kunyonya sauti.

Tuchukue ukumbi wa mfano wenye urefu wa mita 18, upana wa mita 12 na kimo cha mita 5. Ujazo wake ni mita za ujazo 1,080. Ikiwa uwezo wa kunyonya sauti ni 70 tu, mwangwi utadumu kwa takriban sekunde 2.5. Huo unafaa kwaya, haufai mjadala. Ukumbi wa kuzungumzia unataka sekunde 0.8 hivi, na ili kufika hapo uwezo wa kunyonya unapaswa kupanda hadi 217. Ongezeko hilo la 147 hupatikana kwa zulia zito, mapazia na bodi za kunyonya sauti darini na kwenye ukuta wa nyuma. Wajumbe wenyewe huongeza kiasi fulani, lakini ukumbi usipimwe ukiwa umejaa, maana kuna vikao vya alasiri ambavyo nusu ya viti huwa vitupu.

Hapa ndipo mbao za nyumbani huingia. Vitex keniensis, mti ambao wauza mbao huuita Meru oak, asili yake ni misitu ya upande huu wa Mlima Kenya, na ungependeza sana ukutani. Ila mbao nzima hurudisha sauti. Inabidi zitobolewe matundu madogo na nyuma yake ziwekwe pamba ya madini. Mafundi wa Meru wanaweza kuifanya kazi hiyo, mradi mchoro uwaeleze ukubwa wa tundu na nafasi kati ya matundu.

Sauti ikishatulia, vipaza sauti vya mezani hufuata. Mfumo unaofaa bunge humpa Spika kitufe cha kunyamazisha vyote, huruhusu kipaza sauti kimoja au viwili kuwaka kwa wakati mmoja, na humtambulisha mzungumzaji kwa jina kwenye rekodi. Wahariri wa Hansard hupata sauti safi iliyokwisha kugawanywa kwa wasemaji. Hilo lenyewe huokoa saa nyingi za kusikiliza na kukisia.

Sakafu: nani anaweza kufika kwa Spika?

Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi wakiishi na ulemavu. Embu iliongoza kaunti zote kwa asilimia 4.4. Takwimu hiyo peke yake ingetosha kuufanya ukumbi wa Embu kuwa wa mfano nchini. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa umma na kupata habari. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka wenye majengo ya umma wayarekebishe, na sheria mpya iliyotiwa saini Mei 2025 imeendeleza wajibu huo.

Wengi hutafsiri wajibu huu kuwa rampu moja ya lango kuu. Lakini Katiba imempa mwenye ulemavu kiti ndani ya bunge, si roshani ya wageni pekee. Timothy Wanyonyi, anayetumia kiti cha magurudumu, aliingia Bunge la Kitaifa mwaka 2013 akiiwakilisha Westlands. Anaweza kuchaguliwa mwenzake wa Igembe au Mbeere, na siku moja akatakiwa kuongoza kikao kwa niaba ya Spika. Je, atapandaje jukwaani?

Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni kwamba kwa kila sentimita moja ya kimo, rampu iwe na urefu wa sentimita 12. Jukwaa la ngazi tatu za sentimita 15 lina kimo cha sentimita 45, kwa hiyo linahitaji rampu ya mita 5.4. Katika ukumbi wenye upana wa mita 12, hiyo ni karibu nusu ya ukuta wa mbele. Njia rahisi ni kulishusha jukwaa lenyewe. Jukwaa la sentimita 15 linataka rampu ya mita 1.8 tu, na heshima ya Spika haipungui kwa kukaa chini kidogo.

Vipimo vingine si vigumu: milango ya upana wa sentimita 90, nafasi ya duara la mita 1.5 ambapo kiti cha magurudumu kitageuka, choo kinachofikika bila kupita ngazi, na vishikio pande zote mbili za rampu. Vyumba vya kamati navyo viwe hivyo hivyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya bunge hufanyika humo.

Kwa wasiosikia vizuri, waya wa duara hutandazwa chini ya zulia na kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa cha sikioni. Lazima uwekwe kabla ya zulia na ujaribiwe kabla ya kufunikwa, kwa kuwa vyuma vya sakafuni huudhoofisha. Mkalimani wa lugha ya ishara atengewe mahali penye mwanga wa kutosha usoni na mikononi, nyuma yake pasiwe na dirisha, na kamera moja iwe yake muda wote.

Kwa wasioona, jambo kubwa halihitaji hata kifaa. Karatasi ya shughuli za siku iliyopigwa muhuri, ikapigwa picha na kutumwa kwa simu haisomwi vizuri na programu ya kusoma skrini. Ofisi ya karani ikituma maandishi yenyewe, pamoja na nakala ya Breli kwa anayeitaka, tatizo limekwisha.

Kura inayoweza kuthibitishwa

Mfumo wa kura za kielektroniki ndio huvutia macho wakati wa uzinduzi. Kabla ya kuununua, Meru na Embu ziitazame Kericho. Oktoba 2024 wawakilishi 31 kati ya 47 walipiga kura ya kumbandua Gavana Erick Mutai, na Seneti ikaitupa hoja kwa kuwa theluthi mbili ya 47 inahitaji watu 32. Agosti 2025 walirudi na kura 33, zilizopigwa kwa mfumo wa kielektroniki. Baadhi ya wawakilishi wakadai kura zilipigwa kwa majina yao bila wao kushiriki. Seneti ilikubali pingamizi la awali, na hoja ikafa kabla ya mashtaka kusikizwa.

Funzo hapo ni la kihandisi. Mfumo unaotegemea nywila peke yake unaweza kutumiwa na mtu yeyote aliyeijua nywila hiyo. Unaofaa unahitaji vitu viwili kwa pamoja, kama kadi ya mjumbe na alama ya kidole, ukubali kura kutoka mezani ukumbini tu, na uonyeshe jina na kura ya kila mjumbe kwenye skrini kabla Spika hajatangaza matokeo, ili aliyekosewa apinge papo hapo. Kumbukumbu zake zihifadhiwe mahali ambapo fundi wa bunge hawezi kuzibadilisha. La muhimu zaidi, Kanuni za Kudumu zirekebishwe kabla ya mfumo kuwashwa, na zieleze nini kifanyike ukikwama. Kuita majina kwa sauti kubaki kuwa njia ya akiba.

Stima itakapopotea

Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yako kwenye Mto Tana, mlangoni pa Embu. Lakini ujirani huo hauzuii stima kupotea, na usiku wa Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani. Betri za akiba zibebe vipaza sauti, kinasa sauti, kompyuta za kura na vifaa vya mtandao hadi jenereta iwake. Skrini kubwa na viyoyozi visubiri. Nyaya za sauti zitenganishwe na za umeme, la sivyo kila hotuba itasindikizwa na mvumo. Mfumo wa kupeleka umeme wa hitilafu ardhini (earthing) upimwe upya, kwa kuwa wa jengo la zamani haukupangiwa kompyuta.

Wakaguzi wapo karibu

Ukumbi usikabidhiwe kwa saini ya mhandisi peke yake. Meru ina shule ya upili ya St Lucy's ya wasioona huko Egoji, na shule ya viziwi ya Kaaga. Embu ina St Luke's ya viziwi. Walimu na wahitimu wake waalikwe kukaa ukumbini nusu siku mkandarasi akiwa bado hajalipwa fungu la mwisho, wapande jukwaani, wasome karatasi za siku, wamfuate mkalimani. Kasoro watakazoziona zisahihishwe kwa gharama ya mkandarasi.

Bunge la Kitaifa lilipozindua ukumbi wake uliokarabatiwa Agosti 2012 mbele ya Rais Mwai Kibaki, gumzo lilikuwa viti vyekundu vilivyogharimu malaki ya shilingi. Wakazi wa Meru na Embu wana nafasi ya kuuliza maswali bora katika vikao vya bajeti. Muda wa mwangwi utakuwa sekunde ngapi? Mwakilishi mwenye kiti cha magurudumu atafikaje kwenye kiti cha Spika? Kura itathibitishwaje mbele ya Seneti? Kama majibu hayamo kwenye hati za zabuni, mradi huo urudishwe kwa kamati kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.