Mwenye Upepo ni Nani? Msimu na Biashara ya Mazao katika Michezo ya Ukulima ya Kompyuta

1. Utangulizi

Wahakiki wetu wamezoea kuchambua riwaya, tamthilia na ushairi, na tangu fasihi simulizi ipewe nafasi katika vyuo vikuu vyetu, ngano, vitendawili na nyimbo za kazi nazo zimepata wasomi wake. Iko, hata hivyo, sanaa nyingine iliyoingia majumbani mwetu kwa njia ya simu na kompyuta, ambayo wanafunzi wetu huijua vizuri kuliko wanavyovijua vitabu tunavyowatahini, na ambayo ni nadra kuiona ikitiwa katika mizani ya uhakiki kwa lugha ya Kiswahili. Sanaa hiyo ni mchezo wa kompyuta. Katika makala haya tunakusudia kulishughulikia tawi lake moja, yaani michezo ya ukulima. Na katika tawi hilo tutajifunga kwenye jambo moja tu, nalo ni yale mazao yapatikanayo kwa muda mfupi, ambayo mchezaji hana budi kuyakusanya au kuyauza kabla muda wake haujapita.

Huenda msomaji akauliza kama mchezo wa namna hii wastahili uhakiki. Twaona wastahili. Kazi yoyote inayomweka mtu mahali fulani, ikampa haja, ikamwekea vikwazo na kumfanya achague, ina fani na ina maudhui. Tena zao la msimu ndipo fani na maudhui ya michezo hii hukutana: kanuni ya muda ni fani, na anachofundishwa mchezaji na kanuni hiyo ni maudhui.

2. Neno "msimu"

Yafaa tuanze na neno lenyewe. "Msimu" ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, "mausim", na ndilo hilo lililopita kwa Wareno likawafikia Waingereza kama jina la pepo za Bahari ya Hindi. Kwa watu wa pwani msimu haukuwa kipindi cha hali ya hewa tu. Ulikuwa pia wakati wa biashara. Kaskazi ilipovuma, tangu Desemba hivi hata Machi, majahazi yalishuka kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi iliposhika, yalirudi. Aliyechelewa kupakia alibaki bandarini mpaka upepo ugeuke tena.

Katika neno hili moja mna mambo matatu ambayo tutayafanya kipimo chetu. Kwanza, msimu una mwisho. Pili, msimu hurudi. Tatu, na hili ndilo kubwa, upepo haukuwa na mwenyewe. Tajiri na maskini waliungojea sawasawa, ijapokuwa hawakuungojea kwa raha sawa. Tutazame sasa michezo mitatu kwa kipimo hicho.

3. Msimu unaorudi

Mchezo wa kwanza ni Stardew Valley, uliotolewa mwezi wa Februari 2016 na Eric Barone, Mmarekani aliyeutunga peke yake kwa muda upatao miaka minne na nusu. Barone alifuata nyayo za mchezo wa Kijapani wa mwaka 1996 ujulikanao kwa Kiingereza kama Harvest Moon, kazi ya Yasuhiro Wada, mtu aliyekulia mashambani kabla ya kuhamia Tokyo. Asili ya tawi hili, basi, ni hamu ya mtu wa mjini kwa shamba aliloliacha, na hamu hiyo haikutoka katika kazi ya Barone.

Mwaka wa Stardew Valley una misimu minne, na kila msimu una siku 28. Msimu ukiisha, mimea isiyokuwa ya msimu unaofuata hukauka usiku mmoja, hata kama ilibakiza siku moja tu ikomae. Sheria hii ni kali, lakini haina hila, kwa maana kalenda imetundikwa wazi na kila mchezaji huisoma.

Mfano mzuri ni stroberi. Mbegu zake huuzwa katika sikukuu ya mayai, tarehe 13 ya msimu wa kuchipua, kwa sarafu 100 kila moja. Mmea huchukua siku 8 kukomaa, kisha huzaa tena kila baada ya siku 4. Mwenye pupa akizipanda usiku uleule atavuna mara mbili tu kabla msimu haujakatika. Lakini akiziweka akiba mpaka mwaka wa pili, akazipanda siku ya kwanza ya msimu, atavuna mara tano. Hapa mtunzi ameigeuza methali yetu ya "Mvumilivu hula mbivu" kuwa hesabu, wala hakuwa na haja ya kuitamka.

Ukusanyaji nao una maana ya kijamii. Kijijini mna jumba la jamii lililoachwa likabomoka. Ili lisimame tena, mchezaji huleta mafungu ya mazao kwa misimu yake. Fungu la msimu wa kupukutika, kwa mfano, ni mahindi, biringani, boga na kiazi kikuu. Anayekosa zao moja kwa kawaida hulingoja mpaka mwaka ugeuke, isipokuwa abahatike kulikuta katika gari la mchuuzi apitaye Ijumaa na Jumapili, ambaye bei zake ni za kuumiza. Njia nyingine ni kulipa sarafu 5,000 na kuwa mwanachama wa duka kubwa la kampuni iitwayo Joja. Hapo jumba la jamii hugeuzwa ghala la kampuni, na mambo yote hununuliwa kwa fedha taslimu. Dhamira ya mtunzi i wazi: anayeukubali msimu huijenga jamii, na anayelipa ili auruke msimu huiuza.

Hata hivyo kazi hii ina kasoro ambayo wapenzi wake hawapendi kuitaja. Zao likishavunwa halioozi. Boga laweza kukaa sandukuni miaka kumi na bado likawa boga. Tena soko lake halishibi: mkulima hutia mazao katika sanduku la mauzo lililo karibu na nyumba yake, na bei ni ileile awe ameleta nyanya moja au elfu. Mkulima wetu wa mahindi, anayejua jinsi bei inavyoanguka wiki ileile ambayo kila jirani amevuna, atatambua kwamba hapa amesimuliwa nusu ya habari. Barone ameuona wakati wa shamba. Wakati wa soko hakuuona.

4. Zao linalooza

Wakati wa soko umeonwa na Wajapani. Animal Crossing: New Horizons ya kampuni ya Nintendo ilitolewa tarehe 20 Machi 2020, majuma yaleyale ambapo mataifa mengi yalikuwa yakiwafungia watu majumbani kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Mchezaji hukaa kisiwani, na saa ya kisiwa ni saa ya dunia yetu. Kila Jumapili asubuhi, tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa sita mchana, huja muuzaji wa tanipu, zao lililo jamaa ya figili. Bei yake ni kati ya kengele 90 na 110 (kengele ndizo fedha za nchi hiyo). Tangu Jumatatu hadi Jumamosi duka la kisiwa hununua tanipu kwa bei inayobadilika mara mbili kwa siku. Yaweza kushuka chini kabisa na yaweza kupanda kupita 600. Jumapili inayofuata ikifika, tanipu zisizouzwa huoza. Na mwerevu anayejaribu kuirudisha nyuma saa ya mashine yake hukuta zimeoza papo hapo.

Kiini cha kanuni hii ni mchezo wa maneno. Katika Kijapani tanipu huitwa "kabu", na hisa za kampuni nazo huitwa "kabu". Zao hili, basi, ni dhihaka ya soko la hisa. Na kama dhihaka zote nzuri, husema kweli kuliko maelezo. Mnunuzi halipandi wala halipalilii. Analinunua leo kwa kuwa anatumaini mtu mwingine atalinunua kesho kwa bei kubwa zaidi. Sisi nasi husema "kuvuna faida" juu ya watu ambao hawakulima chochote, ila tumelisema mno hata hatusikii tena kejeli iliyomo.

Lakini jambo ambalo huenda watunzi hawakulipanga lote ni lile lililotokea baina ya wachezaji. Bei ya kila kisiwa ni mbali na ya kingine, na kisiwa kinaweza kupokea wageni saba kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwenye bei nzuri Alhamisi aliweza kuwafungulia wengine wauze kwake. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa masomoni ng'ambo mwaka ule wa 2020, aliwaona wanafunzi wenzake waliokatazwa hata kuamkiana mlangoni wakibisha hodi visiwani, kila mmoja na mzigo wake wa tanipu, na wengi wakimwachia mwenyeji zawadi walipoondoka. Wako pia waliotoza kiingilio, na wako walioweka foleni ndefu kuliko za benki. Ukarimu na unyonyaji vilitoka katika shina moja, nalo ni kuoza. Maadamu zao halihifadhiki, mwenye nalo humhitaji mwenzake kabla ya Jumapili. Msimu huu una mwisho na hurudi kila juma. Tena mkato wake humpata kila mtu kwa namna moja. Kwa kipimo chetu ndio ulio karibu zaidi na ule msimu wa majahazi.

5. Msimu wenye mmiliki

Namna ya tatu ni ile ambayo msimu wake haurudi. Mwaka 2009 kampuni ya Zynga ya Marekani ilitoa FarmVille katika Facebook, na mapema mwaka 2010 mchezo huo ulikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi. Humo kampuni ilianza kuuza mazao ya muda, yaliyokaa dukani kwa siku chache kisha yakatoweka. Haki itendeke: baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, mbegu za muda za mahindi meupe ziliuzwa na mapato yake yakapelekwa katika misaada. Lakini hata wema huo ulipita katika tundu lilelile, yaani mchezaji kuambiwa kwamba asiponunua sasa hatapata tena. Tarehe 31 Desemba 2020 FarmVille ilifungwa, na mashamba yote, ya walioyalipia na ya wasioyalipia, yakatoweka pamoja.

Mrithi wake aliye mashuhuri ni Grow a Garden, uliotolewa mwaka 2025 katika jukwaa la Roblox, ambalo wachezaji wake wengi ni watoto. Mwezi wa Juni mwaka huo watu zaidi ya milioni 20 waliucheza kwa wakati mmoja. Duka lake la mbegu lilibadilisha bidhaa kila dakika 5, na sherehe za muda zilileta mbegu zisizouzwa tena sherehe zilipokwisha. Mche uitwao Candy Blossom, kwa mfano, uliletwa Pasaka ya 2025, kisha ukaondolewa. Mche huu huzaa tena na tena, na hapo ndipo ulipo msumari: aliyekuwapo wiki ile, au aliyekuwa na fedha wiki ile, amebaki na mti uzaao kila siku, na mtoto aliyekuja mwezi uliofuata aliambulia kuombaomba matunda yake. Katika bustani ya kuchezea limezaliwa tabaka la wenyeji wenye ardhi na tabaka la waliochelewa kufika.

Linganisha na bao. Bao la Kiswahili huanza na komwe 64 na humalizika na komwe 64. Zinahama mikono, lakini hakuna fundi awezaye kutoa ya 65 mfukoni na kutangaza kwamba hiyo ni adimu. Katika Grow a Garden mwenye mchezo hutoa komwe mpya kila anapotaka, na bei ya kila kilicho mkononi mwa watoto hupanda au kushuka kwa amri yake. Adimu hii haikuletwa na ukame, wala nzige, wala upungufu wa mikono. Mbegu ya tarakimu yaweza kunakiliwa mara milioni bila gharama ya maana. Imeletwa na mtu aliyeamua kuufunga mlango. Hapa ule upepo wa msimu umepata mwenyewe, naye anauuza.

Watetezi husema kwamba shambani pia mtu hukosa. Ni kweli. Lakini mkulima aliyekosa mvua za vuli huzitazamia masika, na hasara yake humfunza kitu juu ya udongo na mawingu. Mtoto aliyekosa mbegu ya Pasaka hujifunza jambo moja tu: asibanduke kwenye simu. "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako" ni onyo la busara kwa mwenye kuzembea. Likigeuzwa kuwa kengele ya duka inayolia kila dakika 5, si methali tena, ni mjeledi.

6. Tamati

Tumeona kwamba zao la msimu si pambo katika michezo hii, bali ndilo linalobeba falsafa yake. Katika Stardew Valley msimu hufunza subira, ingawa soko lake ni la ndotoni. Katika New Horizons kuoza kwa zao huwafanya watu wahitajiane, na kila mmoja huonekana alivyo, mkarimu au mlanguzi. Katika FarmVille na Grow a Garden msimu umevuliwa marejeo yake, na kilichobaki ni hofu ya kukosa.

Wako vijana wa Kenya wanaojifunza kutunga michezo yao wenyewe, na bila shaka wapo watakaotunga ya ukulima, kwa kuwa shamba bado ni habari ya jamaa zao, si hadithi ya hamu. Hao watalazimika kuamua mapema jambo ambalo halitaonekana katika picha nzuri za skrini: msimu wao ukiisha, utarudi kwa nani? Nasi wahakiki tusiwasubiri mpaka wakosee ndipo tuandike.