Kazi Iliyofichwa Chini ya Nyasi: Ukarabati wa Forodhani na Funzo Lake kwa Kamanyola

Kitovu cha mji, yaani eneo ambamo biashara, ofisi na matembezi ya wakazi hukutana, hakifi kwa siku moja. Hudhoofika polepole kadiri mifereji inavyoziba, taa zinavyozimika na wenye uwezo wanavyohamia pembezoni. Ukarabati wa Bustani ya Forodhani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliofanyika kati ya mwaka 2008 na 2009, unastahili kuchambuliwa kwa makini na watu wa Kamanyola na Bukavu, nchini Kongo, kwa kuwa unaonyesha kwamba uhai wa kitovu hurudi pale kazi inapofuata mpangilio: kwanza miundombinu isiyoonekana, pili riziki ya watu waliopo, na mwisho mapambo.

Forodha ni mahali pa kushushia mizigo na kutozea ushuru, na ndivyo ufukwe huo ulivyotumika hadi bandari ilipohamishiwa mtaa wa Malindi, mjini humohumo, katika miaka ya 1920. Bustani ilitengenezwa katika muongo uliofuata, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, wamiliki wengi wakaondoka, na familia zilizoingia humo mara nyingi hazikuwa na fedha za matengenezo. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo hutakiwa kupakwa chokaa mara kwa mara ili zisinywe maji ya mvua, zikaanza kubomoka, na maeneo ya wazi yakachakaa pamoja nazo. Serikali iliunda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji huo katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Mfadhili na msimamizi wa ukarabati wa bustani alikuwa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ambao katika miaka ya 1990 ulikwisha kukarabati Zahanati ya Zamani, jengo la mfanyabiashara Tharia Topan lililo kwenye ufukwe huohuo. Kazi ya Forodhani iligharimu zaidi ya dola milioni 2 za Marekani, na bustani ilifunguliwa upya Julai 2009.

Sehemu ngumu ya kazi hiyo ni ile ambayo mgeni haioni. Bustani iliyo ukingoni mwa bahari hutegemea ukuta unaozuia mawimbi, na ukuta wa namna hiyo hushambuliwa zaidi wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi cha kawaida: maji hupenya kwenye nyufa, na yanapokupwa huondoka na mchanga na kifusi kilichojazwa nyuma ya ukuta, hivyo ardhi ya juu hubaki ikielea juu ya uwazi na hatimaye hutitia. Kupanda nyasi juu ya ardhi kama hiyo ni kutwanga maji kwenye kinu. Kwa sababu hiyo ukuta ulitengenezwa, mifereji ya maji ya mvua na ya maji taka ikajengwa upya, na nyaya za taa zikawekwa, ndipo zikafuata njia za waenda kwa miguu, bustani zenyewe na uwanja wa michezo ya watoto.

Jambo la pili lilihusu wachuuzi wa chakula, ambao kila jioni huuza mishikaki, pweza, urojo na maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Wapangaji wengi wa miji huwaona wachuuzi kuwa uchafu wa kuondolewa. Forodhani walihamishwa kwa muda tu, kisha wakatengewa eneo lao lenye sakafu na taa. Uamuzi huo ulikuwa na maana ya kiufundi, kwa kuwa mchuuzi ndiye anayeleta watu baada ya ofisi kufungwa, na penye watu wengi usiku ndipo penye usalama. Ndiyo maana familia za Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, huketi pale pamoja na watalii, huku vijana wakijitosa baharini kutoka ukutani.

Mfano wa Kigali unathibitisha hoja hiyo kwa upande mwingine. Mwaka 2015 jiji hilo lilifunga barabara moja ya katikati kwa magari, lakini kufunga tu hakukutosha, na palihitajika usanifu mpya wenye viti, miti na vibanda, uliokamilika mwaka 2022, ili watu wapate sababu ya kukaa.

Hata hivyo bustani haiwezi kuokoa mji peke yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati ikikarabatiwa na watu wawili wakafariki, hatua chache tu kutoka kwenye nyasi zilizotunzwa vizuri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya bajeti ya mji: fedha za matengenezo ya kila mwaka zina thamani kubwa kuliko sherehe ya ufunguzi.

Kamanyola, iliyoko katika uwanda wa Ruzizi mahali Kongo, Rwanda na Burundi zinapokaribiana, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira, ina forodha yake na mkusanyiko wake wa wauzaji. Salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, inaweza kuzibua mfereji uliopo, lakini haiwezi kuchimba mfereji mpya wala kulipia maji, vyoo na taa. Hayo ni wajibu wa mamlaka na lazima yatangulie, na mama wanaouza wahesabiwe kabla ramani haijachorwa. Tofauti moja tu inahitajika katika mpangilio wa Forodhani: katika joto la uwanda, mti wa kivuli juu ya meza ya muuzaji si pambo la mwisho, bali ni sehemu ya miundombinu, na upandwe siku ileile mfereji unapochimbwa.