Jamani, Mmeliona Gegedu Linavyoamuru Mifupa?

Nimebanduka kwenye hadubini sasa hivi, na nisipokusimulia nitapasuka! Hebu sikia. Kiinitete cha kuku, siku ya 10 tangu yai lianze kuatamiwa, kimelowekwa kwenye dawa mpaka nyama yote imekuwa angavu, unaona hadi ng'ambo. Humo ndani gegedu limetiwa rangi ya bluu, na mfupa nyekundu. Lo, bluu gani ile! Nzito, tamu, imekolea, imejaa bawa zima mpaka kwenye vidole vyembamba mno, kila kiungo kimejichora. Halafu pale katikati ya mfupa wa paja, katikati hasa, umekaa mkanda mwekundu, mkali, unawaka! Ukikitikisa kisahani kidogo tu, mguu mzima unaelea kwenye glisirini na kumeremeta. Nilibaki mdomo wazi.

Na bado!

Vitabu vya shule hupita hapa mbiombio: gegedu linatangulia, mfupa unafuata, basi. Basi vipi, rafiki yangu? Tazama kipande chembamba kilichokatwa kwa urefu, ukisogelee kabisa. Nchani, karibu na kiungo, seli ni vijiduara vidogo vilivyotawanyika. Shuka kidogo: zimekuwa bapa, zimepangana safu kwa safu kama sahani kabatini, zinagawanyika, na kadiri zinavyogawanyika ndivyo mguu unavyorefuka. Shuka tena... wee! Zimevimba, zimenenepa, kubwa ajabu, zimejaa maji, zinasukumana!

Na hizo nono ndizo zilizoniteka kabisa kabisa. Gegedu halina mishipa ya damu hata mmoja, lakini seli hizi zikishavimba humwaga kemikali inayoiita mishipa, nayo inakuja, inapenya, inaingia na seli za kujenga mfupa. Zile zinazokaribia kuvimba nazo hutoa protini iitwayo Indian hedgehog, inayoliambia gamba la nje: anzeni kutengeneza mfupa, hapa! Ule mkanda mwekundu umekaa pale kwa sababu gegedu limeagiza ukae pale. Mwaka 1999 watafiti walieleza panya waliokosa protini hiyo: miguu mifupi mno, na seli za kujenga mfupa hazikutokea kabisa kwenye mifupa yao mirefu. Kabisa!

Subiri, sijamaliza. Mwaka 1996 Andrea Vortkamp na wenzake, kwa viinitete vya kuku hawa hawa, walionyesha kwamba ujumbe huo wa Indian hedgehog huenda pia hadi nchani mwa mfupa. Huko nchani hutolewa protini nyingine, PTHrP, inayorudi kuzizuia zile seli bapa: msivimbe kwanza, endeleeni kugawanyika! Yaani seli zinazokomaa ndizo zinazowachelewesha wanaofuata, ili mguu usigeuke mfupa kabla haujafika urefu wake. Hakuna msimamizi juu yao, ni wao kwa wao, wanapeana habari, wanangojana. Mimi hapo nilisimama nikapiga makofi peke yangu!

Na bado! Ilidhaniwa kwa miaka mingi kwamba seli zikishavimba zote hufa. Lakini watafiti walizifuatilia kwenye panya, wakaona baadhi zinageuka na kuwa seli za mfupa zenyewe. Zinaita wajenzi, kisha zinaingia kazini pamoja nao!

Nawe umepitia hayo hayo. Vichipukizi vya mikono yako vilitokeza wiki ya 4 tumboni mwa mama yako, kisha gegedu likajijenga ndani yake, mfupa ukaja baadaye. Na yule mtoto wa jirani ambaye suruali ya mwaka jana imemfika katikati ya muundi? Ni safu zile zile, bado zinagawanyika magotini mwake hivi sasa.

Nenda ukaone, tafadhali, nenda! Kama kuna chuo karibu nawe kinachofundisha biolojia au udaktari, bisha hodi, omba wakuonyeshe kiinitete kilichotiwa rangi hizo mbili. Usianze na kichwa, kila mtu hukimbilia kichwa. Anza na vidole vya mguu.