Kichuguu Kilichokatwa Shingo: Kosa la Kupaua Maisaka

Nyumba moja ya Maisaka, hapa Babati, iliharibikia kwenye kupaua.  Hadi hatua ya boma ilikuwa kazi safi: kuta ndefu zimetazama kaskazini na kusini, tofali za kuchoma zimelazwa kwa unene wa kutosha, matundu ya chini yamewekwa upande wa kivuli, na katikati ya ukumbi likajengwa bomba pana la kutolea hewa. Mwenye nyumba alikwisha kutangaza kwamba anataka nyumba inayopumua kama kichuguu, na mafundi wake walimwelewa.

Kisha ikafika siku ya kenchi. Bomba ambalo lilipaswa kupita juu ya kofia ya paa likakatwa usawa wa dari. Matundu ya juu ya lenta yakazibwa kwa zege. Sababu ni moja tu: lilitakiwa paa la kuficha, lile la kontemporari ambalo bati halionekani kwa sababu ukuta wa parapeti umepandishwa kulizunguka. Bomba lingechungulia juu ya parapeti na kuharibu sura, basi likaondolewa. Kazi ya miezi ikafutwa na uamuzi wa asubuhi moja.

Tufuate hewa yenyewe. Babati iko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua la adhuhuri halikai mbali na utosi. Kinachopigwa zaidi na jua ni paa, kuta zinafuata. Paa la kuficha lina mteremko mdogo, na nafasi kati ya bati na dari ya jipsamu ni finyu. Joto likishaingia humo halina pa kwenda isipokuwa kushuka chumbani. Hewa ya moto hupanda; ikikuta njia ya kutokea juu, huvuta hewa baridi kupitia matundu ya chini. Ukiziba juu, umeziba na chini pia, hata kama matundu bado yanaonekana ukutani. Yale matundu ya upande wa kivuli sasa yanapitisha vumbi.

Hasara haikuishia hapo. Parapeti imefuta upenu, na upenu ndio ungeupa ukuta kivuli na kuukinga na mvua ya masika. Maji yote ya paa sasa yanakusanywa kwenye mfereji uliofichwa nyuma ya parapeti. Majani yakiuziba, maji yanarudi ndani, juu ya dari. Yote hayo ndiyo bei ya kuficha bati.

Najua utetezi unaokuja, kwa sababu nimeshausikia: mbona vichuguu vingi havina tundu juu? Ni kweli. Mchwa wa kundi la Macrotermes mara nyingi hujenga kichuguu kilichofungwa kabisa. Martin Lüscher, mtafiti Mswisi aliyeeleza mambo haya mwaka 1961, alidhani hewa huzunguka humo kwa joto la mchwa wenyewe na la bustani zao za kuvu. Baadaye watafiti Scott Turner na Rupert Soar, mwaka 2008, walionyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi, na kwamba misukosuko ya upepo wa nje ina kazi kubwa. Mwaka 2015 watafiti waliopima vichuguu nchini India wakaona kwamba tofauti ya joto la mchana na baridi ya usiku ndiyo inayosukuma hewa humo. Lakini wote wanakubaliana juu ya jambo moja: ukuta wa kichuguu una vinyweleo, na gesi hupita kwenye udongo wenyewe. Ukuta wa Maisaka umepigwa plasta, skimu na rangi ya mafuta. Huwezi kuiga kifuniko cha kichuguu ukaacha ngozi yake.

Msanifu Mick Pearce alipochora jengo la Eastgate la Harare, lililofunguliwa mwaka 1996, aliegemea maelezo yale ya zamani kuhusu mchwa, na bado jengo lake likafanya kazi. Alishika jambo la msingi: usiku wa nyanda za juu ni wa baridi. Feni husukuma hewa hiyo ya usiku kwenye mianya ya sakafu, zege huhifadhi ubaridi, na mchana hewa ya moto hutoka kwa mabomba yaliyo juu kabisa. Hakuyakata mabomba ili paa lipendeze. Babati nayo iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake wa baridi tunaupata bure.

Nimeshalaumiwa kwamba kila safu narudi kwenye tembe, nyumba yetu ya asili yenye paa la udongo. Narudi tena. Tangu enzi za Operesheni Vijiji tumefundishwa kwamba bati ni maendeleo na tembe ni aibu. Tembe lilivuja, na mchwa hao hao walikula nguzo zake, sikatai. Lakini Wairaqw waliozamisha nyumba kwenye mteremko wa kilima, na Warangi na Wagogo waliolaza udongo mzito juu ya paa, walilijua joto la mchana na baridi ya usiku kuliko mchoraji wa paa la kuficha. Msanifu Beda Amuli naye, alipochora Soko la Kariakoo la Dar es Salaam miaka ya 1970, alisimamisha miavuli ya zege inayokusanya mvua na kuacha hewa na mwanga vipite. Paa lake halikufichwa. Lilikuwa ndilo jengo lenyewe.



Nyumba ya Maisaka bado inaokoleka. Bomba lirudishwe lipite juu ya parapeti, liwekewe kofia ya mvua na wavu, na zege la juu ya lenta litobolewe. Nawe uliye kwenye hatua ya boma wiki hii, kabla fundi hajapandisha kenchi, mwulize hewa ya moto itatokea wapi. Akikosa jibu, usimruhusu apaue.