Nafasi ya Sita Ilibaki Benchi

Rudisha mkanda hadi dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza wa fainali ya Ligi ya Europa, Manchester United dhidi ya Villarreal, Gdańsk, 26 Mei 2021. Mwamuzi wa akiba anainua ubao. Wanatoka Aaron Wan-Bissaka na Scott McTominay, wanaingia Alex Telles na Juan Mata. Kwetu huku ilikuwa saa sita na ushei usiku, na kila aliyekuwa macho alielewa mara moja kwamba hao wameletwa kupiga matuta. Uamuzi safi, na wote wawili walifunga. Sasa angalia benchi lile lile walikotoka. Dean Henderson, kipa, amekaa. Kanuni za mashindano ziliruhusu kubadilisha watano, na wa sita mechi ikienda muda wa nyongeza. Unai Emery wa Villarreal alizimaliza sita zote. Ole Gunnar Solskjaer, kocha wa United, alitumia tano. Nafasi moja ilibaki mkononi mwake, wapiga penati wapya wameshaingia, na langoni akamwacha David de Gea.

Hilo lilikuwa kosa, na lilikuwa kosa kabla ya Gerard Moreno kuweka mpira kwenye doa.

Mara ya mwisho De Gea kupangua penati akiwa na jezi ya Manchester United ilikuwa Aprili 2016, Wembley, nusu fainali ya Kombe la FA, alipomnyima Romelu Lukaku, wakati huo wa Everton. Hesabu kutoka hapo hadi Gdańsk: miaka mitano na zaidi. Katikati yake kuna Kombe la Dunia la 2018, Hispania wanatolewa na Urusi kwa matuta, na Warusi wanne waliopiga wote wanamfunga. Rekodi hii haikufichwa popote. Mashabiki tuliijua, watangazaji waliisema, na wapigaji wa Villarreal bila shaka walikwenda kwenye doa wakiijua. Mchambuzi wa video wa klabu ya daraja la nne angekuwa nayo kwenye daftari lake. United wana jopo zima.

Villarreal wakapiga 11, zikaingia 11. Tazama namna De Gea alivyokuwa akisimama. Anasubiri katikati ya mstari, mikono chini, hamsumbui mpigaji kwa lolote, kisha anaruka mpira ukiwa umeshampita. Hata alipokisia upande sahihi alifika kwa kuchelewa. Sasa kumbuka Edwin van der Sar, kipa wa United, pale Moscow 2008, fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Chelsea. Chelsea walikuwa wamepiga mikwaju yao mingi kuelekea kushoto kwake. Akaja Nicolas Anelka, na kabla hajapiga Van der Sar akanyoosha mkono kuonyesha upande ule ule wa kushoto, kama anayemwambia ninajua unapokuja. Anelka akabadilisha, akapiga kulia, na mkono wa Mholanzi ulikuwa unamsubiri huko. Kipa anaipiga vita penati kabla haijapigwa. De Gea hakuwahi kuipiga vita hata moja kati ya zile 11.

Simchukii De Gea. Alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa klabu mara nne, na kuna misimu ambayo bila mikono yake, na miguu yake hasa, tungemaliza nafasi za aibu. Kocha ndiye aliyemweka mahali ambapo udhaifu wake mmoja unaojulikana ungekuwa kazi yake yote.

Utetezi ninaousikia kila mara ni kwamba Henderson angeingia akiwa baridi, na kwamba naye si bingwa wa penati. Wanaosema hivyo wamesahau Salvador, Brazil, 5 Julai 2014. Robo fainali ya Kombe la Dunia, Uholanzi na Costa Rica, 0-0, dakika 120 zinaisha. Louis van Gaal anamtoa Jasper Cillessen na kumwingiza Tim Krul, ambaye hakuwa amegusa mpira mashindano yote yale na ambaye kwa Newcastle hakuwa mtu wa kutisha kwenye penati. Alikuwa baridi kama barafu. Lakini ni mrefu kuliko Cillessen, aliandaliwa kwa ajili ya dakika zile tu, na Wakosta Rika ghafla wakajikuta mbele ya sura mpya inayowazungumzisha na kuwatazama machoni. Alipangua mbili, Uholanzi wakaingia nusu fainali. Siku kumi na moja baadaye Van Gaal alikuwa ameanza kazi Old Trafford. Somo lile lilipita kwenye korido zetu wenyewe, na miaka saba baadaye hakuna aliyelikumbuka.

Na Sir Alex Ferguson? Moscow ile ile, muda wa nyongeza unakwisha, alimtoa Wes Brown akamwingiza Anderson, kijana wa miaka 20, aje apige penati. Anderson akafunga. Ferguson alihesabu hadi mtu wa mwisho. Solskjaer alihesabu hadi Mata na Telles, akaishia hapo, na hesabu ikafika kwa mtu wa 11. Gerónimo Rulli alifunga ya kwake, De Gea akapiga yake, Rulli akaruka akaipangua. Villarreal 11, United 10, na kombe la kwanza kubwa katika historia ya Villarreal.

Lakini suala la kipa ni mkia wa tatizo ambalo nimekuwa nikililalamikia tangu kocha huyu alipopewa mkataba. Ole alikuwa mgumu kugusa benchi. Gdańsk mabadiliko yake ya kwanza, Fred kumpokea Mason Greenwood, yalikuja dakika ya 100. Kufikia hapo Emery alikuwa ameshabadilisha watano ndani ya dakika 90. Na tusizungumzie tu idadi, tuangalie alichokuwa anakifanya. Edinson Cavani alisawazisha dakika ya 55, United wakapanda, Villarreal wakayumba. Dakika tano tu baadaye Emery akamtoa Carlos Bacca, mshambuliaji, akamwingiza Francis Coquelin, kiungo mkabaji. Ujumbe ulikuwa wazi: eneo anakopokelea mpira Bruno Fernandes linafungwa. Likafungwa kweli. Kuanzia hapo Bruno alianza kushuka hadi miguuni mwa mabeki wake kuomba mpira, Paul Pogba akawa anapiga pasi za pembeni, na mashambulizi yakaishia kwa Wan-Bissaka, beki ambaye kila timu ilifurahi kumwona akiwa na mpira pembeni kwa sababu krosi yake ilikuwa dhaifu.

Hoja ile ya Emery ilihitaji jibu. Ilihitaji mtu wa kucheza kati ya mistari karibu na Bruno ili Coquelin awe na wawili wa kuwaangalia. Mtu huyo alikuwa benchi: Donny van de Beek, aliyenunuliwa kutoka Ajax kwa kiasi cha pauni milioni 35 na kuanzishwa mechi nne tu za ligi msimu mzima. Nitasema tena nililosema msimu ule wote: hununui mchezaji wa aina ile, anayeishi kwa kuingia kwenye nafasi nyuma ya viungo wakabaji, halafu ukakutana na timu iliyojifungia mbele ya boksi lake na ukamwacha akae. Au Amad Diallo, winga mwenye miaka 18, mguu mbichi wa kumkimbiza beki aliyechoka. Hakuna aliyeingia kati yao. Marcus Rashford aliyekuwa akisumbuliwa na bega alicheza dakika zote 120. Cavani, miaka 34, dakika zote 120. Muda wa nyongeza Villarreal ndio waliokuwa na pumzi, na haikuwa ajabu.

Wala hii haikuwa mara ya kwanza. Cologne, Agosti 2020, nusu fainali ya kombe hili hili dhidi ya Sevilla. Ubao unasoma 1-1. Julen Lopetegui anamwingiza Luuk de Jong, na dakika ya 78 De Jong anafunga. Solskjaer anagusa benchi kwa mara ya kwanza dakika ya 87. Tulikaa miezi tisa tukiamini kwamba lile lilimfunza.

Kinachouma ni nani aliyekuwa anafanya hivi. Tarehe 26 Mei ni tarehe ya Camp Nou 1999, fainali ya Ligi ya Mabingwa. Bayern wanaongoza 1-0. Ferguson anamwingiza Teddy Sheringham dakika ya 67, na dakika ya 81 anamtoa Andy Cole, mmoja wa wafungaji wake wakubwa, na kumwingiza kijana wa Kinorwe anayejulikana kwa kukaa benchi akiwasoma mabeki. Sheringham akasawazisha, Mnorwe huyo, Solskjaer mwenyewe, akafunga la pili dakika ya tatu ya nyongeza. Jina lake lote katika klabu hii limejengwa na kocha aliyekuwa na ujasiri wa kumtoa mtu mkubwa na kumwamini wa akiba. Miaka 22 baadaye, tarehe ile ile, Ferguson mwenyewe yuko jukwaani Gdańsk, na mwanafunzi wake anatazama mechi ikimponyoka kwa dakika 40 bila kugeuka nyuma.

Goli la Villarreal alilofunga Moreno nalo lilitoka pale pale tulipozoea kuumia, mpira wa adhabu wa Dani Parejo, Victor Lindelöf ameachwa hatua moja. Harry Maguire alikuwa majeruhi, kwa hiyo beki ilipwaya. Sawa, lakini ulinzi wa mipira iliyokufa ulikuwa mbovu hata Maguire akiwa mzima.

Sikatai mazuri ya msimu ule: kumaliza wa pili ligi kuu bila kupoteza hata mechi moja ya ugenini ilikuwa kazi nzuri, na McTominay alicheza fainali ya maisha yake.

Septemba 2021 De Gea alipangua penati. London Stadium, dakika za majeruhi, West Ham wanapata penati na kocha wao David Moyes anamwingiza Mark Noble kwa ajili ya mkwaju huo mmoja. De Gea akaicheza, United wakashinda 2-1, na simu zikaanza kuingia kwangu: umeona? Niliona. Niliona pia kwamba Moyes alimtazama mpigaji wake wa miaka mingi, akatazama nani yuko uwanjani, na akafanya uamuzi kwa kile alichokijua dakika ile. Mkwaju ulikoswa, na hakuna sababu ya kumlaumu Moyes. Solskjaer alikuwa na miaka mitano ya ushahidi, kipa mwingine mzima na nafasi moja ya kubadilisha. Penati ya Septemba haiwezi kurudi nyuma miezi minne ikamsaidia.